Picha Zisizo na Majina, Majina Yasiyo na Picha

Andika neno "Tanga" kwenye kisanduku cha kutafutia cha Wikimedia Commons, kisha teremka taratibu. Utafika kwenye picha za zamani, nyeusi na nyeupe, zenye alama ya Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya Ujerumani, ambayo mwaka 2008 iliweka humo makumi ya maelfu ya picha zake kwa matumizi ya umma. Nyingi za zile zinazohusu nchi yetu zilipigwa na Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa na studio Dar es Salaam kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Chini ya picha baada ya picha utakuta tarehe ileile: 1906/1918. Yaani ilipigwa siku fulani ndani ya miaka 12, basi. Na pale ambapo ungetegemea kukuta jina la mtu, mara nyingi kuna neno la kumtaja kwa aina yake tu: askari, mpagazi, mwanamke, watoto.

Picha hizi nilikuwa naziona miaka yote. Sisi waandishi wa habari tunazichomoa kila tukiwa na makala ya historia na ukurasa una nafasi. Nilianza kuzitazama kwa jicho jingine baada ya kujifunza kutumia kamera ya mkanda, ile ya mkono kabisa, ambayo haikufanyii chochote usichoiamuru.

Kamera yenyewe ni Zenit-E, mali ya kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow. Zilianza kutengenezwa mwaka 1965 na zikasambaa duniani kwa mamilioni, kwa sababu bei yake ilikuwa ya kawaida na mwili wake mgumu kama nyundo. Yangu ina duru tano za Olimpiki ya Moscow ya 1980, michezo ambayo Filbert Bayi alirudi na medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akarudi na ya fedha ya mita 5,000. Mpaka naandika haya, Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki.

Niliinunua kwa mzee mmoja wa Ngamiani aliyefunga studio yake siku nyingi. Aliniuzia kwa sharti kwamba nisiifanye pambo la kabatini, na sharti hilo likawa mwanzo wa masomo. Jina lake ameniomba nisiliandike. Katika makala inayohusu majina yaliyopotea hilo linanichoma kidogo, lakini jina ni la mwenyewe.

Kamera ya mkono inakuuliza maswali matatu kabla hujafyatua. La kwanza: mkanda wako una wepesi gani wa kushika mwanga? Hilo limeandikwa kwenye boksi, 100, 200 au 400, na ukishaupakia ndiyo umeshachagua. La pili: pazia lifunguke kwa muda gani? Ndani ya Zenit kuna pazia dogo la kitambaa lenye kasi tano tu, kuanzia sehemu moja ya 30 ya sekunde hadi sehemu moja ya 500, pamoja na alama ya B ambayo huliacha wazi kadiri utakavyoshikilia kidole. La tatu: tundu la lenzi liwe na upana gani? Hapa wengi huchanganyikiwa kwa sababu namba zinakwenda kinyume: 2 ni tundu kubwa, 16 ni tundu dogo. Kila hatua inaongeza mwanga mara mbili au inaupunguza nusu. Ukibana tundu hatua moja, ongeza muda hatua moja, umerudi palepale. Ni kama kujaza ndoo: bomba kubwa muda mfupi, bomba dogo muda mrefu, maji ni yaleyale.

Kuna kanuni ya zamani ya kufanya hesabu hii bila kifaa. Jua likiwa kali, weka tundu 16, na muda wa pazia uufananishe na namba ya mkanda. Mkanda wa 100, sehemu moja ya 125. Jua la Tanga saa sita mchana halina ugomvi na kanuni hiyo. Mchanga wa Raskazone utatoka vizuri, mashua zitatoka vizuri, ukuta wa Boma utatoka vizuri. Tatizo ni mtu. Jua likiwa utosini na mtu amevaa kofia, mwili uko juani lakini uso uko kivulini, na kanuni iliandikwa kwa ajili ya jua.

Basi unasema, si kuna kipima mwanga? Kipo. Kwenye Zenit ni kipande cha seleniamu kilichokaa juu ya lenzi, nyuma ya kioo chenye mistari. Hakitumii betri, mwanga wenyewe ndio unaosukuma sindano. Lakini kipima mwanga hakijui kinachotazama nini. Kimetengenezwa kwa dhana moja: kwamba vitu vyote vilivyo mbele yako, ukivichanganya, vinatoa kijivu cha katikati. Kila unachokionyesha, kinakupa hesabu ya kukigeuza kijivu.

Sasa mpige bwana harusi wa huku kwetu. Amevaa kanzu nyeupe, amesimama mbele ya ukuta wa chokaa, nyuma yake bahari inameremeta. Sindano inaruka juu na kipima mwanga kinakuamuru ubane tundu. Ukikitii, kanzu inatoka kijivu na uso wa bwana harusi unazama gizani, yaani umepiga picha ya nguo. Geuka upande wa pili, wapige akina mama watano wenye mabuibui wakiwa barazani. Sindano inalala, kipima mwanga kinasema fungua. Ukikitii, mabuibui yanatoka kijivu na nyuso zinapauka mpaka bibi harusi na shangazi yake hawatofautiki.

"Hicho hakijui mtu," mzee aliniambia. "Kinajua wastani. Wewe umekuja kupiga wastani au umekuja kupiga mtu?"

Akanitoa nje, akaelekeza kamera kwenye majani pembeni ya uwanja, kwenye kivuli kilekile ambamo mjukuu wake alikuwa amesimama. Akasoma sindano, akaweka hesabu, kisha akafungua tundu nusu hatua zaidi. "Majani hayavai kanzu," akasema. Baadaye nilikuja kukuta kwamba wapiga picha wa nchi nyingi wanajua ujanja huo. Majani mabichi yanarudisha mwanga kwa kiasi kinachokaribia kile kijivu ambacho kipima mwanga kinakitafuta, kwa hiyo ukiyapima umepima mwanga unaowaangukia watu, na rangi ya nguo haiingii kwenye hesabu. Ile nusu hatua ya ziada ni ya uso. Inahakikisha kwamba mikunjo ya paji, kovu la utotoni na kope vimeandikwa kwenye mkanda. Kanzu itazidi mwanga, ndiyo, lakini mkanda wa nyeusi na nyeupe unavumilia kuzidishiwa kuliko kupunguziwa. Ya kanzu unayamaliza kwenye chumba cha giza.

Nikiwa na somo hilo kichwani nilizirudia zile picha za 1906/1918. Wapiga picha wa zama zile walitumia sahani za kioo zilizopakwa dawa, na dawa za mwanzo ziliona bluu tu. Zilizofuata, zilizoitwa othokromatiki, ziliona bluu na kijani lakini nyekundu hazikuiona. Sahani zinazoona rangi zote ziliingia sokoni mwaka 1906, lakini ilichukua miaka mingi kabla hazijawa za kawaida. Matokeo yake unayaona kwenye picha za kale za pwani: anga letu la bluu limetoka jeupe kama karatasi, na ngozi ya kahawia, ambayo inarudisha wekundu mwingi kuliko bluu, imetoka nyeusi kuliko ilivyokuwa. Babu zetu hawakuwa weusi kiasi kile. Sahani haikuwa na macho ya kuwaona.

Dobbertin alikuwa fundi, lazima tuseme. Kwenye picha zake nyingi nyuso zinaonekana vizuri, maana yake alijua kufidia upofu wa vifaa vyake. Alisubiri, akapima, akamsimamisha mtu asitikisike. Ndiyo maana ukimya wa maelezo unanisumbua zaidi. Ama jina la mtu halikuulizwa, ama liliulizwa likaishia njiani kabla ya kufika kwenye hifadhi. Wala si kwamba zama zile hazikuwa na pa kuandika majina ya watu wa hapa. Mwanzoni mwa karne ya 20 shule ya serikali ya Tanga ilikuwa inachapa gazeti la Kiswahili, *Kiongozi*, na humo kulikuwa na habari na barua zilizotiwa saini na Waafrika wenyewe. Katika mji uleule na miaka ileile, wino ulikuwa na majina. Picha haikuwa nayo.

Ufundi wa kuuona uso wa mtu wa pwani ulijengwa kwenye studio, na historia yake bado haijaandikwa vya kutosha. Unguja, A. C. Gomes alifungua studio tangu miaka ya 1860. Mwaka 1930 Ranchhod Oza akaanzisha Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, na mwanawe, Rohit, akaja kuirithi. Mombasa, miaka ya 1950 na 1960, watu walikwenda kwa N. V. Parekh wakiwa wamevaa walivyotamani dunia iwaone. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, aliyejifunza kazi mwenyewe na kuwa maarufu kwa picha za kukata na kuunganisha. Tanga nayo ilikuwa na studio zake, za Wahindi na za Waswahili, na nyingi hazikuacha hata kibao ukutani.

Hakukuwa na chuo cha kazi hii. Ulijifunza kwa kusimama nyuma ya bega la mtu. Unabeba stendi, unafagia, unachanganya dawa, unatazama kidole chake kinazungusha nini mteja gani akikaa. Mzee wangu ananiambia alifagia mwaka mzima kabla hajaruhusiwa kufyatua. Alichokuwa anakipata mwaka huo hakikuwa kwenye karatasi ya maelekezo iliyokuja na kamera, kwa sababu karatasi hiyo iliandikwa kwa ajili ya nyuso nyingine.

Na hili la nyuso nyingine lina ushahidi. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak ilizipelekea maabara za picha kadi ya kupimia rangi yenye sura ya mwanamke mzungu. Mafundi wakaiita Shirley. Mashine ilirekebishwa mpaka ngozi ya Shirley itoke sawasawa, kisha picha za watu wengine wote zikapitishwa humohumo. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameeleza jinsi Kodak ilivyokuja kuboresha mikanda yake ione vizuri rangi za kahawia, na kwamba miongoni mwa waliolalamika na kusikilizwa walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Kwa hiyo ukiitazama picha ya rangi ya harusi ya mama yako ya miaka ya 1980, ukaona gauni linang'aa na sura yake haisomeki, usiharakishe kumlaumu mpiga picha. Huenda alifanya kila linalowezekana mkononi, mashine ikayafuta.

Kwenye nyeusi na nyeupe fundi alikuwa bwana wa kazi yake mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu alisafisha mwenyewe. Tanga hilo nalo lilikuwa na vita vyake. Dawa za kusafishia mkanda zinataka nyuzi joto 20. Maji ya bomba ya Tanga hayajawahi kuisikia namba hiyo. Dawa ikiwa ya moto mkanda unaiva haraka mno, na ule utando unaobeba picha unalainika mpaka unaweza kuukwangua kwa ukucha. Mzee alikuwa anatuma kijana kwa wauza samaki kununua barafu, anaweka chupa za dawa kwenye beseni, anangoja kipimajoto kishuke. Dawa ya mwisho, inayoifanya picha isiungue tena ikikutana na mwanga, kwa Kizungu inaitwa haipo. "Miaka mingine ilikuwa haipo kwelikweli," mzee anasema na kucheka. Anazungumzia mwishoni mwa miaka ya 1970, fedha za kigeni zilipokuwa adimu na mpaka na Kenya ukafungwa, kuanzia 1977 hadi 1983. Studio iliyozoea kuagiza karatasi na dawa Mombasa ikajikuta inategemea anayevuka kwa mashua usiku. Mkanda mmoja ukagawanywa kwa familia nne. Kila mtu akapigwa mara moja, na mara hiyo moja ilibidi iwe sawa.

Kwenye chumba cha giza ndipo kanzu inapomalizwa. Mwanga unapita kwenye negativu kuangukia karatasi, fundi anaukinga uso kwa kipande cha kadi kilichofungwa kwenye waya ili usizidi kuwa mweusi, kisha anaiachia kanzu mwanga wa ziada mpaka mikunjo yake ionekane. Sekunde nne huku, sekunde tisa kule, mkono ukitikisika kidogo ili alama ya kadi isionekane. Siku ya kwanza niliyotazama kazi hiyo ikifanyika nilielewa kwamba picha za studio tulizozipita ukutani kwa shangazi na mabibi zetu zilikuwa zimeguswa uso kwa uso. Kuna mtu alikaa gizani akihesabu sekunde za kila sura.

Na kila sura ilikuwa na namba. Kwenye ukingo wa negativu mzee aliandika namba kwa wino, na namba hiyohiyo akaiingiza kwenye daftari la hesabu pamoja na jina la mteja, barabara anayokaa, idadi ya nakala na kiasi alicholipa. Ngamiani mitaa inaitwa kwa namba, kwa hiyo ukurasa wa daftari unaonekana kama hesabu tupu mpaka uanze kusoma majina. Mbele ya wengine kumeandikwa "bado", na bado ni bado mpaka leo. Daftari zipo kadhaa, zimefungwa kwa uzi wa katani.

Negativu ziko kwenye makasha ya biskuti chini ya kitanda. Tulipofungua kasha la kwanza, harufu ya siki ilitupiga usoni. Ndivyo mkanda wa asetati unavyokufa: unyevu na joto vinauvunja, unatoa siki, unajikunja, unagandana na mwenzake. Pwani ina unyevu na joto mwaka mzima. Kwenye kasha lile baadhi ya negativu zilikuwa safi kama za juzi, na baadhi zilikuwa zimegeuka tonge moja.

Hapo ndipo tulipofikia. Kuna picha za watu wetu zilizotunzwa, zikapewa namba za hifadhi na kuwekwa mtandaoni kwa dunia nzima, na waliomo hawana majina. Na kuna majina ya watu wetu, yenye barabara na tarehe na deni, ambayo picha zao zinaoza chini ya kitanda. Za kwanza zilipigwa chini ya dola iliyotaka kujua ina watu wa aina gani. Za pili zililipiwa na wenyewe, kwa hela ya mshahara au ya samaki, kwa sababu mtu alitaka kuonekana kama alivyojiona. Ukitaka kuandika historia ya Tanga ya karne ya 20, ipi ni hifadhi hapo?

Siku hizi mtu hahitaji majani wala barafu. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, yenye simu za Tecno, ilijenga soko lake Afrika pamoja na mambo mengine kwa kamera zinazoupa uso mweusi haki yake, na mwaka 2021 Google nayo ikatangaza teknolojia ya namna hiyo kwenye simu zake. Kile kidole cha mzee na nusu hatua yake kimeingia kwenye programu. Sina ugomvi na hilo, nami picha zangu nyingi napiga kwa simu. Ila fungua simu yako utazame picha zilivyoitwa: IMG, kisha tarehe, kisha namba. Miaka hamsini ijayo mjukuu wako atakuwa na nyuso elfu kumi zilizotoka vizuri sana, na hatajua ni za nani. Tutakuwa tumejifanyia wenyewe kile ambacho hifadhi ya Ujerumani ilitufanyia.

Kwa hiyo kabla hujanunua Zenit, kama makala hii imekutia hamu, anza na picha za nyumbani. Zitoe kwenye albamu, kaa na mkubwa wa familia aliyebaki, andika nyuma kwa penseli laini: nani, wapi, mwaka gani. Tumia penseli, kwa sababu wino wa kalamu hupenya na kuharibu uso wa picha. Ukiwa Tanga, kwenye Boma la zamani kuna makumbusho ya Urithi Tanga yenye picha za mji wetu wa kale. Nenda ukazitazame, na kama unamtambua mtu, sema.

Mimi na mzee tunakutana Jumamosi. Yeye anasoma daftari, mimi nashikilia negativu mbele ya dirisha na kuipiga kwa simu, kisha naandika namba, jina na barabara. Tuko kwenye daftari la pili. Pale ambapo negativu imeshayeyuka tunaandika jina vilevile, na kando yake: picha haipo.